Stata ya Morris inalia "vuuu" lakini injini haizunguki

Swali: Assalaam alaykum, fundi. Marehemu baba aliniachia Morris Minor 1000 ya mwaka 1959, nayo iko hapa Wete. Ilikaa bandani miaka miwili, sasa nataka kuirudisha barabarani. Nikivuta kitufe cha stata nasikia mlio "vuuu" wa kitu kinachozunguka kwa kasi, lakini injini haitikisiki. Labda mara moja katika mara tano inashika na gari inawaka. Juzi ililia "tak" mara moja ikanyamaza kabisa, mpaka vijana wakaisukuma. Betri nimeshanunua mpya. Fundi mmoja kanambia stata imekufa, nitafute ya gari ya Kijapani tufunge. Kweli imekufa?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako.

Haijafa. Stata iliyokufa hailii vuuu. Mlio huo ni wa mota inayozunguka vizuri tu, na ubovu wako uko nje ya mota, kwenye kipande kifupi cha mbele ambacho mafundi wengi wa leo hawajapata kukifungua, kwa kuwa gari walizojifunzia hazinacho. Kinaitwa bendeksi. Nakuomba usikubali stata hiyo itupwe kabla hujasoma mpaka mwisho, maana stata ya Kijapani ya kuokoteza haitakaa hapo. Meno ya gia yake hayalingani na meno ya flaiwili yako, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na hata upande inaozungukia unaweza kuwa kinyume. Nimeona flaiwili nzima iliyodumu miaka hamsini ikatafunwa meno kwa wiki mbili kwa sababu ya kulazimisha namna hiyo.

Kwanza ujue stata yako inavyofanya kazi, kwa sababu ukishaelewa hapo, mengine utayaona kwa macho yako. Stata ya gari ya leo ina solenoidi, yaani suichi ya sumaku ya umeme, mgongoni. Ukizungusha ufunguo, solenoidi inaisukuma gia ndogo kwanza ikashike meno ya flaiwili, ndipo inapitisha umeme mkubwa mota izunguke. Stata ya Morris yako, ambayo ni ya kampuni ya Lucas, haina wa kuisukuma gia. Gia ndogo imevaa bomba lenye uzi mpana kama wa skrubu, na bomba hilo limekaa kwenye shafti ya mota. Ukivuta kitufe, shafti inaruka kuzunguka ghafla, na ile gia, kwa uzito wake, inachelewa kuifuata. Ni kama abiria aliyesimama ndani ya daladala dereva akaondoka kwa kishindo: gari imeshakwenda, mwili wake bado uko nyuma. Kwa kuwa bomba lina uzi, huko kuchelewa kunaigeuza gia kuwa nati inayotembea juu ya bolti. Inakimbia, inagonga meno ya flaiwili, inashika, inazungusha injini. Springi nene iliyo nyuma yake inameza kile kishindo. Injini ikiwaka, flaiwili inakwenda mbio kuishinda gia ndogo, na uzi ule ule unaitupa gia irudi ilikotoka. Springi nyembamba inaishikilia huko isije ikajongea yenyewe gari inapokuwa safarini.

Kila kitu basi kinategemea jambo moja: gia iteleze kwenye uzi wake bila kusita hata kidogo. Ikiwa nzito, inazunguka pamoja na shafti pale pale ilipo, haitembei. Hiyo ndiyo vuuu yako. Na ikitembea nusu nusu, inafika kwenye meno kwa uvivu, inang'ang'ania pembeni, inakwama. Hiyo ndiyo tak ya juzi. Kwa hiyo usidhani una ubovu wa aina mbili.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha gia haijakwama hivi sasa. Zima suichi ya gari. Mkiani mwa stata pana kikofia kidogo cha bati. Kitoe, utaona ncha ya shafti imechongwa pembe nne. Ishike kwa spana, izungushe huku na huku mpaka usikie imeachia. Kama hapafikiki, tia gia ya juu, suichi ikiwa imezimwa, halafu itikise gari mbele na nyuma kwa mkono. Itaachia. Lakini kuisukuma iwake huku gia imekwama, kama walivyofanya vijana, msirudie tena. Injini ikiwaka na gia haikutoka, flaiwili inaiburuza mota kwa kasi ambayo haikutengenezewa, na vipande vya shaba vya ndani vinaweza kufumuka. Najua kwenu Pemba kuna vilima, na mtu akiegesha kwenye mteremko hujiona ameshapona. Mteremko unaficha ubovu, hauuondoi.

Sasa njoo kwenye umeme, kwa sababu gia ile haiwezi kuruka kama mota haiondoki kwa nguvu. Mota ikianza polepole, gia inaifuata polepole, wala hairuki. Kwa hiyo waya mbovu peke yake unaweza kukupa vuuu hata bendeksi ikiwa safi kama imetoka kiwandani.

Usiku, elekeza taa kubwa ukutani, mwambie mtu avute kitufe nawe uangalie mwanga. Mota ikilia vuuu na taa zikapungua kidogo tu, betri ni nzuri na mshtakiwa wa kwanza ni bendeksi, ila eathi bado uipime. Taa zikizama karibu kuzimika na mota ikawa kimya, ama gia imekwama ama betri haina nguvu. Taa zikabaki vile vile na hakuna mlio wowote, umeme hauifikii mota: tazama suichi ya kuvuta na kaboni za ndani, vile vijiti vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka. Ukiwa na mita, pima kwenye nguzo za betri zenyewe wakati stata inazungusha injini. Isiteremke chini ya volti 9.5 hivi. Halafu weka waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi, na wa pili kwenye chuma cha injini, stata ivutwe. Ukisoma zaidi ya nusu volti, eathi yako, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, ni mbovu.

Na mimi kwa gari yoyote ya kwetu visiwani naianza eathi kabla ya kitu kingine. Upepo wa bahari unaingia hata ndani ya banda lililofungwa. Ule mkanda wa shaba uliosukwa, unaounganisha injini na giaboksi na bodi, unaota kutu ya kijani kati ya nyuzi zake, na pale unapofungwa kwa bolti kunakuwa na utando usioonekana. Stata inakula ampea 200 au zaidi inapoanza kuisukuma injini baridi. Kwa ampea 200, ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu unakupokonya volti mbili nzima. Volti mbili katika kumi na mbili si kidogo. Taa ya ndani itawaka kama kawaida, honi italia, nawe utaapa kwamba umeme uko sawa. Fungua mkanda pande zote mbili, kwangua chuma mpaka king'ae, funga upya, kisha juu yake ndiyo upake grisi kuzuia chumvi. Kama nyuzi zimekatika au zimegeuka ungaunga, weka mpya. Pia angalia kebo ya betri. Madukani kuna kebo zenye mpira mnene na shaba haba ndani, na nyengine ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Ikate ncha uone kabla hujalipa.

Umesema betri ni mpya. Nani aliifunga? Morris yako ilitoka kiwandani ikiwa chanya ndiyo inayofungwa kwenye bodi, kinyume na gari za leo, na kijana aliyezoea Toyota anaweza kuigeuza bila kujua. Stata haitakwambia. Koili za fildi, zilizokaa tuli pembeni, na amecha, ile inayozunguka katikati, zimefungwa katika mfululizo mmoja, kwa hiyo ukigeuza betri vyote viwili vinageuka pamoja na mota inazunguka upande ule ule. Watu wanaona stata imezunguka wanasema alhamdulillahi, kumbe dainamo na boksi lake la kudhibiti chaji viko hatarini. Mwenye gari mwengine huwa ameigeuza kwa makusudi zamani ili aweke redio, basi uliza wanaoijua gari ya mzee kabla hujabadilisha. Na ukiazima umeme kwa gari ya jirani, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na bodi za gari hizo mbili zisigusane.

Yote hayo yakiwa sawa, toa stata. Fungua betri kwanza, usipuuze. Stata imeshikwa kwa bolti mbili. Ya chini ni rahisi kuifikia ukiwa chini ya gari, na kijiti cha kupimia oili kitoe kama kinakubana. Ukishaivuta nje, isimamishe mbele yako, bendeksi ikiwa juu, na ujaribu kuizungusha gia ndogo kwa vidole viwili ipande kwenye uzi wake.

Ya kwako naweza kukuelezea itakavyokuwa hata bila kuiona. Itapanda kidogo kisha itasita. Ukiikaza itapanda tena kwa kunata, na ukiiachia haitarudi chini. Pitisha ukucha kwenye mfereji wa uzi utatoka na kitu cheusi cha kijivujivu, kama masizi yaliyokandwa kwa samli. Ni vumbi la klachi lililochanganyika na oili iliyovuja nyuma ya injini, na vumbi la barabara, vikakaa pamoja miaka miwili bandani mpaka vikawa gundi. Ukisugua kwa vidole unasikia chenga chenga. Hicho ndicho kilichokuwa kinakufanya uende kununua betri.

Chukua mafuta ya taa, brashi ya meno iliyochakaa na kitambaa. Shika stata bendeksi ikiwa imeelekea chini, mafuta yenye uchafu yasiingie kwenye mota. Sugua mfereji mpaka mwisho, zungusha gia, sugua tena. Badilisha mafuta, rudia. Unaacha pale gia inapopanda na kushuka kwa kuisukuma kwa kidole kimoja, na springi nyembamba inairudisha yenyewe. Pangusa, acha ikauke.

Hapo usipake kitu. Si grisi, si oili ya injini, si oili ya cherehani. Hili nalisisitiza kwa sababu niliumia nalo. Nilipokuwa bado nafundishwa kazi hapa mjini Unguja, nililetewa Austin yenye ubovu kama wako. Niliisafisha vizuri, kisha nikaona chuma kitupu hakipendezi, nikakipaka grisi nzuri nyepesi. Ikawaka kwa mvuto mmoja, mwenye gari akanishukuru. Baada ya wiki tatu ilikwama asubuhi ya harusi, nje ya nyumba ya bibi harusi, watu wamesimama na maua mkononi. Grisi ilikuwa imekusanya vumbi la klachi haraka kuliko uchafu wa zamani ulivyokusanyika. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alinipa mafuta ya taa na kitambaa, akaniambia nianze upya mbele ya mwenye gari. Tangu siku hiyo sijapaka, na sijamruhusu mwanafunzi wangu apake.

Safisha halafu uangalie. Springi nene isiwe imekatika, maana ikikatika nayo inaleta vuuu. Meno ya gia ndogo yaliyolika kidogo kwenye ncha yanavumilika, yaliyovunjika hayavumiliki. Ukitaka kuibomoa bendeksi, tazama kama mwishoni mwa shafti pana nati yenye pini au pete ya kubana. Kama ni pete, springi lazima ibanwe kwanza kwa kibano, nayo ina nguvu ya kukutoa jicho. Ifunike kwa kitambaa kinene, uso wako usiwe usawa wake. Kama huna kibano, wala huna ulazima wa kuibomoa, iache.

Kwa kuwa stata iko mezani, zungusha ule mkanda wa bati ulio nyuma yake, chini yake kuna madirisha na kaboni nne. Inua springi ya kila kaboni kwa ndoano ya waya, uone kama kaboni inateleza ndani ya nyumba yake. Mara nyingi moja inanata, dawa yake ni kitambaa chenye petroli. Ikiwa fupi kuliko milimita 8, badilisha zote nne kwa pamoja. Mbili zimeshikwa kwenye bodi ya stata na mbili zimelehemiwa kwenye waya wa fildi. Hizo za fildi usikate waya mpaka mwisho, acha kipande ukilehemie kaboni mpya hapo, kwa sababu kwenye baadhi ya stata hizi koili ni za alumini na risasi haishiki kwenye alumini.

Pete ya shaba ambayo kaboni zinaisugua, ipanguse kwa kitambaa chenye petroli. Ikiwa na weusi usiotoka, msasa laini wa mbao, si ule mweusi wa chuma, maana chembe zake hubaki kati ya vipande. Na hapa pana kosa la mafundi wazuri kabisa, si wavivu. Kwenye dainamo tunachimba kidogo ule ugandu wa maika ulio kati ya vipande vya shaba, ndivyo inavyotakiwa. Kwenye stata ya Lucas ya aina hii hauchimbwi. Fundi aliyezoea dainamo huchukua kipande cha msumeno akachimba kwa nia njema, na vijifereji hivyo hujaa unga wa kaboni. Mwambie fundi wako kabla hajashika msumeno.

Tingisha shafti juu na chini. Ikicheza, bushi, yaani vibomba ambamo shafti inazungukia, zimekwisha, na amecha itakuwa inagusa sumaku za pembeni. Utaona alama zinazong'aa kwenye tumbo lake, na stata ya namna hiyo inakula umeme mwingi huku inazunguka kwa kuugua. Bushi mpya za shaba zenye vitundu hulowekwa kwenye oili nyepesi ya injini saa 24 kabla ya kupigwa mahali pake. Zikiingia kavu zitaliwa upesi. Kipande kingine kinachohitaji kukerezwa peleka kwa mkerezaji, usikiwashie moto nyumbani.

Kabla ya kurudisha, ibane kwenye jiliwa, uijaribu kwa kebo za betri, sekunde mbili au tatu tu. Lazima ibanwe, kwa sababu ikiondoka itakuruka mkononi. Na usiiache izunguke tupu kwa muda, mota ya aina hii ikikosa mzigo inazidi kuongeza kasi bila mpaka. Unachotaka kuona ni gia ikiruka kwa kishindo kimoja, tak safi, kisha inarudi.

Ikiwa baada ya haya yote injini inashika mara nyingi lakini kuna siku inagoma, angalia meno ya flaiwili kupitia tundu la stata. Injini ya silinda nne hupenda kusimama sehemu zile zile mbili, zinazotazamana, kwa hiyo meno hulika hapo tu. Siku ikigoma, izungushe kidogo kwa hendeli, uvute tena. Ikishika, umeshajua. Pete ya meno hutolewa kwa kupashwa moto, ikageuzwa robo mzunguko ili meno mazima yaje mahali pa mabovu, lakini hiyo inataka injini ishuke, basi ingoje siku utakayobadilisha klachi.

Kifaa kikihitajika, kinapatikana. Morris Minor ilitengenezwa kuanzia 1948 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ndiyo gari ya kwanza ya Uingereza kuuzwa zaidi ya milioni moja. Kwa wingi huo, kaboni, bushi, springi na bendeksi nzima vinatengenezwa huko mpaka leo, na kifurushi chake ni kidogo. Beba kipande cha zamani ukilinganishe, hesabu meno, usiagize kwa jina la gari peke yake.

Ukishaifunga, kitufe kivute kwa mkato mmoja mpaka mwisho, siyo kwa upole. Suichi ile ni vipande viwili vya shaba vinavyokutana kwa nguvu ya mkono wako, na ukivuta taratibu vinachoma cheche na mota inaanza kwa udhaifu, gia hairuki. Injini ikishika, achia papo hapo. Ikishika kisha ikazima, hesabu mpaka itulie kabisa ndipo uvute tena, kwa maana gia ikikutana na flaiwili inayorudi nyuma ndipo meno yanapovunjika. Kama injini ina tabia ya kupiga teke nyuma unapoiwasha, pointi zinazotoa cheche zimetangulia mno, rekebisha majira yake kwanza, la sivyo utavunja springi ile nene.

Ikikushinda kuanzia hapo kwenye kaboni, ifunge stata kwenye gunia, mtu aje nayo kwa boti mpaka Unguja. Inabebeka kwa mkono mmoja. Ila anza na mafuta ya taa leo hii, na jioni jaribu kuipandisha ile gia kwa kidole.